Parsele Moja, Familia Sita: Namna ya Kupunguza Kuhama-hama kwa Malokateri katika Mubi

(Maongezi ya redio juu ya amani. Yamepigwa chapa kwa ajili ya wale wasio na redio, na kwa wakubwa wa vijiji wanaopenda kuyasoma tena mbele ya watu wao.)

Leo tutasema juu ya nyumba za kulipia. Mzee mmoja aliposikia hivyo aliniuliza: "Mwalimu, maongezi haya ni ya amani. Nyumba za kulipia zinaingia kwa mlango gani?"

Zinaingia kwa mlango huu. Tazama mwisho wa mwezi wowote hapa kwetu. Utaona mama anapita na godoro kichwani, mtoto nyuma yake amebeba beseni la masufuria, mwingine amekamata kuku kwa miguu. Siku hiyo hawakimbii vita. Wanatoka katika parsele moja na kwenda katika nyingine, mita mia tatu tu. Mle walikaa miezi minne. Mbele ya pale walikaa pengine miezi mitatu. Vita iliwafukuza kwao mara moja, lakini nyumba ya kulipia imekwisha kuwahamisha mara tano. Na ile parsele waliyoitoka, mlango wa chumba uko wazi, mwenye parsele amesimama uani akingoja nani atakuja.

Kuhama huko kunazaa maneno. Deni lisilolipwa. Garanti isiyorudishwa. Choo kilichojaa, na kila mmoja anasema si yeye aliyekijaza. Mtu mpya ambaye hakuna anayemjua. Mtoto anayebadilisha masomo katikati ya mwaka. Jina la familia linalokosekana katika liste ya msaada, kwa sababu siku ya kuandikwa walikuwa avenyu nyingine. Pahali pengine duniani maneno ya namna hii yanaishia kwa majirani kununiana. Katika pande zetu yanaweza kuishia vibaya zaidi, nami nitafika huko.

Kwanza tufahamu namna vyumba hivi vilivyojengwa. Mubi iko juu ya barabara ya taifa nambari 3, ile inayotoka Bukavu, kupita Walikale, kwenda Lubutu na Kisangani. Tangu kasiterite ilipopatikana Bisie, karibu na mwaka 2002, Mubi na Njingala zilikuwa mlango wa mgodi. Watu walitoka Bisie kwa mguu, porini, na mizigo mgongoni. Ndege ndogo za Goma zilitua juu ya barabara pale Kilambo kuchukua mawe. Aliyekuwa na parsele aliongeza safu ya vyumba vya mbao na manjanja, maana mchuuzi wa mawe alilipa pasipo kubishana sana. Vyumba vile vilijengwa kwa mwanaume wa kulala majuma mawili na kuondoka. Havikujengwa kwa mama mwenye watoto watano. Leo ni mama huyo anayelala mle.

Kisha ukumbuke namna mji wetu unavyojaa na kumwagika. Katika Septemba 2010 Rais wa Jamhuri alisimamisha kazi ya madini katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, na kazi haikufunguliwa mpaka Machi 2011. Wenye biashara ya mawe walikosa kazi, na aliyekosa kazi hakai akilipia chumba. Miaka ikapita, na mwaka 2019 kampuni Alphamin ikaanza kutoa bati kwa mashine kubwa pale Bisie. Katika Machi 2025 vita ya M23 ikafika mpaka Walikale mjini, kampuni ikasimamisha kazi, watu wakakimbia. Mwanzo wa Aprili wapiganaji wakatoka Walikale, na mwezi ule ule kampuni ikaanza tena.

Mwenye parsele aliyeyaona hayo yote amejifunza somo moja: kamata franga leo, maana kesho haina mwenyewe. Lokateri naye amejifunza lake: usifungue mizigo yote. Sisemi ni ujinga. Ni akili ya vita, nayo imeokoa watu. Lakini masomo haya mawili yakikutana ndani ya ua mmoja, hakuna anayekaa. Mmoja anapandisha bei kila anaposikia kwamba bei ya mawe imepanda. Mwingine anaondoka usiku kila anaposikia neno baya. Na wote wawili wanapoteza zaidi kuliko wanavyozani.

Baba mwenye parsele, kamata kalamu tuhesabu. Tuseme una vyumba 6, na kila kimoja unakitoa kwa dola 10 kwa mwezi. Vikijaa mwaka mzima unapata dola 720. Sasa umesikia wageni wanakuja, unapandisha mpaka dola 12. Kichwani mwako umekwisha kula dola 864. Lakini wanne kati ya wale sita wanashindwa, wanatoka. Kila chumba kinakaa kitupu miezi 3 mbele ya kupata mtu. Vyumba 4, mara miezi 3, mara dola 12: umepoteza dola 144. Toa 144 katika 864. Inabaki 720. Ile ile! Umezunguka mlima mzima, umefika mlangoni pako mwenyewe, na njiani umenunua kufuli mpya mbili, umelipa fundi wa mlango, umempa komisionere wake, na mbao tatu za ukuta zimekwenda kuwa kuni kwa kuwa chumba hakikuwa na mtu wa kukilinda. Na wale wanne wapya, hujui kama watalipa.

Nimechagua hesabu hizi mwenyewe kusudi zifahamike. Weka hesabu za parsele yako, za vyumba vyako na bei yako, uone. Kuna wakati kupandisha bei kunaleta faida kweli, sikatai: chumba kikipata mtu mpya siku ile ile, umeshinda. Lakini watu wengi wanahesabu bei tu, hawahesabu miezi mitupu. Lokateri anayelipa dola 10 pasipo kukosa kwa miaka miwili anakuletea zaidi kuliko yule wa dola 15 aliyekaa miezi mitatu na kutoroka na deni la miezi miwili.

Sasa garanti. Hapa nitakaa kidogo, sababu mashauri mengi ya nyumba niliyosikiliza yalianzia pale.

Garanti ni nini? Watu wengi wanazani ni bei ya kuingia, kama mtu anavyolipa ticket mlangoni pa uwanja wa mpira. Sivyo. Garanti ni franga za lokateri, zimewekwa mkononi mwa mwenye nyumba kama rehani. Siku ya kutoka wanatazama chumba pamoja: kama hakuna deni na hakuna kilichovunjwa, zinarudi kwa mwenyewe. Kama kuna deni au mlango umevunjwa, mwenye nyumba anakata kiasi hicho tu, na kinachobaki kinarudi. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, ile inayohusu nyumba za kulipia katika inchi yetu, inasema kwamba kwa nyumba ya kulala garanti haiwezi kupita miezi 3. Anayekuomba miezi sita, au "mwaka mzima mbele", anaomba jambo ambalo sheria haikumpa.

Ninajua jibu lenu, wenye parsele. "Mwalimu, zile franga nimekwisha kuzila. Nilinunua nazo manjanja." Ni kweli, na manjanja yale yanamfunika lokateri yule yule. Lakini tazama kinachofuata. Lokateri wa kwanza anapotaka kutoka, huna cha kumrudishia. Unamwambia angoje mpaka lokateri wa pili alete garanti yake. Basi sasa unahitaji mtu mpya aingie upesi, awe nani, kusudi umlipe wa zamani. Na wa zamani, akijua hatarudishiwa, anafanya nini? Anaacha kulipa miezi mitatu ya mwisho, "anakula garanti yake ndani ya nyumba". Wewe unaona deni, yeye anaona haki yake. Pale ndipo sauti zinapanda, na watoto wanasimama mlangoni wakisikiliza.

Mimi mwenyewe nilianguka katika shimo hilo. Nilipokuwa mwanafunzi wa sheria, mji mbali na hapa, nilitoa garanti ya miezi mitatu kwa chumba kimoja kidogo. Sikuomba karatasi, mimi niliyekuwa nikisoma mambo ya mapatano kila asubuhi! Mwenye nyumba akauza parsele. Mnunuzi akaniambia hanijui, na franga zangu hakuziona. Nililala kwa rafiki majuma sita, nikiwa na vitabu vya sheria chini ya kichwa kama mto. Tangu siku ile sicheki mtu asiye na karatasi.

Kwa familia iliyokimbia vita, garanti ya miezi mitatu ni mlima. Anatoka Pinga au Masisi na nguo alizovaa, atatoa wapi dola 30 kwa mara moja? Nimeona njia moja inayofaa: wanapatana garanti ya mwezi mmoja, nayo inatolewa kidogo kidogo pamoja na malipo ya miezi ya kwanza, na kila mara inaandikwa. Mwenye parsele hapotezi usalama wake wote, na mgeni haanzi maisha yake hapa kwa deni la mkopeshaji. Wenye kuona hatari zaidi wanatafuta mtu wa kusimamia, jamaa au mkubwa wa kanisa, anayetia jina lake chini. Huyo ajue kwamba jina lake si mapambo. Deni likija, ataulizwa.

Sasa nije kwa neno lililonifanya niombe nafasi hii redioni.

Kuna njia fupi ya kumtoa lokateri, nanyi mnaijua. Mwenye parsele anadai miezi miwili. Haendi kwa shefu, haendi kwa mtu wa serikali. Anakwenda kwa kijana mwenye bunduki, awe na uniforme au asiwe nayo, anamwambia: "Nisaidie, utakula nusu ya deni." Jioni vitu vya mama viko njiani, mvua inanyesha juu yake. Au njia nyingine, iliyo mbaya kuliko hiyo. Mwenye parsele anataka chumba kwa ajili ya mteja wa bei ya juu, na lokateri hana deni lolote. Basi neno linaanza kutembea: "Yule mtu wa chumba cha nne, tunamjua anatoka wapi? Anapokea wageni usiku. Lugha yake si ya hapa." Baada ya siku mbili chumba ni kitupu. Hakuna aliyepiga mtu, hakuna aliyefukuza mtu. Neno limefanya kazi.

Mwenye kufanya hivyo, sikiliza. Bunduki uliyoiita imejua njia ya parsele yako. Imeona una vyumba vingapi na mwisho wa mwezi unakusanya kiasi gani. Mwezi kesho itarudi pasipo kuitwa, na wewe ndiwe utakayeombwa. Na neno lile ulilolitupa juu ya mtu wa chumba cha nne haliishii kwake. Ana ndugu. Ana watu wa lugha yake katika parsele nyingine kumi. Wote wanalala usiku ule wakijiuliza kama wao ndio wanaofuata.

Wazee wanaokumbuka mwaka 1993 wanajua ninasema nini. Katika Machi ya mwaka ule mauaji yalianza katika soko la Ntoto, hapa hapa katika teritware ya Walikale, yakasambaa mpaka Masisi. Watu maelfu walikufa, na wengi zaidi sana wakakimbia. Maulizo ya siku zile yalikuwa: nani mwenye udongo, nani mgeni, nani atatawala. Sitaki kufungua vidonda hivyo redioni. Wengi walipoteza watu, kila upande. Ninasema jambo moja tu. Ukitumia ulizo la "nani mgeni" kusudi upate chumba cha dola 15, umechukua moto wa nyumba kubwa kuwashia sigareti.

Sheria iko wazi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 29, inasema makao ya mtu hayaingiliwi hivi hivi. Chumba unacholipia ni makao yako, hata kama mbao ni za mwingine. Kifungu cha 30 kinampa kila mtu aliye katika inchi yetu haki ya kutembea na kuchagua pahali pa kukaa, akifuata sheria. Basi Mkongomani aliyetoka Masisi kuja Walikale haombi visa kwa mwenye parsele. Na kumtoa mtu kwa nguvu ni kazi ya mahakama. Si kazi ya mwenye nyumba, si ya askari wa njiani, na, wapendwa wakubwa wa vijiji, si kazi yenu ninyi pia. Shefu anaweza kuwaita watu wawili, kuwasikiliza, kuwapatanisha, kuandika walivyopatana. Kama hawakupatana, kuna watumishi wa serikali wanaohusika na makao, yaani service ya abita, na baada yao mahakama. Ninajua njia hiyo ni ndefu, na barabara yetu tunaijua sote. Ndiyo maana ninasema mapatano mazuri mbele ya kuingia ni bora kuliko shauri zuri baada ya kutoka.

Lakini na ninyi malokateri, msikae mkipiga makofi. Mwenye parsele mara nyingi ni mjane, na vyumba vile vitatu ndivyo shamba lake, ndivyo masomo ya watoto wake. Unapotoroka saa nane za usiku na deni la miezi mitatu, umeiba mahindi ya mjane. Tena umemfungia mlango ndugu yako anayekuja nyuma yako kutoka vita, maana mjane yule ataapa kwamba hatapokea tena mkimbizi. Nimesikia kiapo hicho zaidi ya mara moja. Ulipanga ukisema mko watu wanne. Mwisho wa mwezi mko kumi na mmoja. Kupokea jamaa aliyekimbia ni desturi yetu njema, hakuna atakayekukataza. Mwambie mwenye parsele siku ile ile, siyo siku choo kinapomwagika.

Na kwa kuwa nimetaja choo, niseme upesi. Wanaofanya kazi ya kusaidia waliokimbia vita wana kipimo chao: choo kimoja kisipite watu 20. Parsele ya vyumba 6, kila chumba watu 6, ni watu 36. Choo kimoja hakitoshi, na hakuna mapatano yatakayokifanya kitoshe. Mwenye parsele anayechimba cha pili anapata malokateri wanaokaa. Kama hana franga, malokateri wana mikono: wachimbe, na kazi yao ikatwe katika malipo ya nyumba, iandikwe. Tangu amri ya mwaka 1888 juu ya mapatano, ambayo ingali inatumika katika inchi yetu, kutengeneza nyumba kusudi ifae kukaliwa ni wajibu wa mwenye kuitoa. Lakini katika pori hili, ambapo mvua haina likizo na mbao zinaoza haraka, anayengoja wajibu pasipo kusema atalowa. Manjanja yakitoboka, sema juma lile lile. Katika parsele nyingine wanaweka likelemba ndogo: kila chumba franga kidogo kila mwezi, mama mmoja anatunza, kwa ajili ya sabuni ya choo, msumari, kamba ya kisima. Inaonekana kitu kidogo. Lakini watu waliochanga pamoja kamba ya kisima hawaamini upesi kwamba mtu wa chumba cha nne ni mpelelezi.

Kuna na neno la siku ya malipo. Mwenye nyumba anataka tarehe 1. Lakini mwalimu anangoja mshahara ambao haujui tarehe. Mchimbaji anapata siku mawe yanapouzwa. Mama aliyekimbia vita analima shamba la watu na kulipwa jioni, franga za ugali na sombe. Ukimwomba dola 10 kwa mara moja, atakosa. Ukimwomba sehemu ya nne kila siku ya soko, atalipa, nawe utaona mapema kama anaanza kushindwa. Deni la juma moja linazungumzwa juu ya kiti. Deni la miezi minne linazungumzwa kwa makelele. Wengine wanalipa kwa kazi, kulima shamba la mwenye parsele. Si vibaya, mradi kazi ipimwe: siku ngapi, kwa mwezi upi. Pasipo kupima, mama atalima mwaka mzima na bado ataambiwa ana deni. Hiyo si kupanga nyumba, ni utumwa wenye manjanja juu.

Wapendwa wakubwa wa avenyu na wa nyumba kumi, ninyi mna daftari la wageni. Daftari linasaidia sana: msaada unapokuja, familia haipotei, watu wakigombania tarehe ya kuingia, imeandikwa. Lakini niwaombe mambo mawili. La kwanza, kuandikwa kusiwe na bei. Mgeni anayelipa ili aandikwe atajificha, na mtu aliyejificha ndiye anayezaliwa na maneno. La pili, andikeni jina, watu wa nyumba, tarehe ya kuingia, parsele. Safu ya kabila haifai kitu katika daftari hilo. Siku mbaya ikija, karatasi ile itasomwa na mtu ambaye hamkumwandikia.

Na mkubwa akiwa mwenyewe ana vyumba vya kupangisha, kama ilivyo mara nyingi, asihukumu shauri la parsele yake. Amwite mwenzake wa avenyu ya pili. Watu wataona, na watamheshimu zaidi.

Nimebakiza karatasi. Hauhitaji mashine wala muhuri wa kununua. Chukua daftari la mtoto, kata kurasa mbili, andika maneno yale yale mara mbili, moja ya mwenye parsele na moja ya lokateri. Nitasoma polepole, mwenye kalamu aandike:

"Mimi, mwenye parsele ya avenyu fulani, ninampa fulani chumba kimoja kuanzia tarehe fulani. Watakaa watu fulani. Bei ni kiasi fulani kwa mwezi, italipwa kila siku ya soko, au kila tarehe fulani. Bei hii haitapanda mbele ya mwaka mmoja kwisha. Nimepokea garanti ya kiasi fulani. Itarudi siku ya kutoka, baada ya kukata deni na vilivyovunjwa. Chumba kina mlango, kufuli, dirisha, manjanja yasiyovuja. Anayetaka kuvunja mapatano atamwambia mwenzake miezi mitatu mbele. Vita ikitukimbiza, vitu vilivyobaki chumbani vitahifadhiwa miezi fulani, na bei haitahesabiwa siku ambazo hakuna aliyeweza kukaa. Tukishindwana tutakwenda kwanza kwa mkubwa wa avenyu na wazee wawili, hatutaita mtu mwenye silaha."

Miezi mitatu ya preavi ikionekana mirefu, hasa kwa mtu wa mgodi, wapatane vingine lakini waandike. Neno lile la vita, msiliruke. Machi 2025 ilituonyesha: watu walikimbia, wakarudi, wakakuta wanadaiwa mwezi ambao waliulala porini, au wakakuta godoro limeuzwa. Kila mmoja alidai ana haki, na hakuna karatasi iliyokuwa imesema lolote.

Chini, majina mawili na mashahidi wawili, mmoja wa kila upande. Kila malipo yaandikwe nyuma ya karatasi zote mbili, pamoja na tarehe. Asiyejua kusoma asomewe na mtu aliyemchagua yeye mwenyewe, siyo na mwenye parsele, wala na mtoto wa mwenye parsele. Kisha atie kidole. Na karatasi ya lokateri aiweke ndani ya plastiki pamoja na karte ya electeur, katika ule mfuko ambao kila mama hapa kwetu anaukamata kwanza anaposikia risasi.